Mtani Wetu wa Stanmore

Mimi si mtu wa kukosa maneno. Nimenyoa vichwa vya watu kwa miaka ishirini na sita, kwanza Tabora, kisha Dar es Salaam, na sasa hapa Wembley, na mteja akishakaa kwenye kiti changu anayenyamaza ni yeye. Ndiyo maana jambo hili linanikera mpaka leo. Mzee mmoja alinitazama machoni akaniomba sentensi moja tu, sentensi ya kipuuzi niliyokuwa nimemwambia mara nyingi bila kuombwa, nami nikafunga mdomo. Nitaeleza ilivyokuwa. Nitaanza na utani, maana bila utani lisingetokea lolote.

Kwetu Wanyamwezi, Mzaramo ni mtani. Msomaji wa nyumbani hahitaji kufundishwa, lakini watoto wetu waliozaliwa huku wakituona tunakutana hudhani tunagombana na hutafuta pa kujificha. Mtani anakutukana mbele za watu nawe huruhusiwi kununa. Anaingia kwako na kufunua masufuria bila kukaribishwa. Na ukifiwa, wakati ndugu zako wamejikunyata wanalia, yeye anaingia na makelele, anajilaza pale alipolala marehemu, anadai shati lake na viatu vyake, anaiga alivyokuwa akikohoa, hadi mjane anacheka asivyotaka, na akishacheka anakubali kula. Nimeyaona hayo tangu utoto wangu. Mtu ambaye hakuna wa kumtania msibani tulimwona kama hakuwa na watu.

Mtani wangu wa London nilimpata kwenye basi. Alikuwa anaongea na simu kwa sauti ya soko zima, na lafudhi yake ikamsaliti kabla hata hajashuka. Nikamwambia, "Mzaramo wewe, punguza sauti, hapa si kwenye ngoma ya mdundiko." Akageuka, akanipima kuanzia viatu, akasema, "Mnyamwezi! Nani kakutua mzigo kichwani ukapata nafasi ya kupanda basi?" Tukawa ndugu kuanzia hapo. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mjane, na kazi yake ilikuwa kutunza mzee mmoja huko Stanmore, akilala humo humo. Wiki chache baadaye akaja saluni na ombi. Mzee wake alitaka kunyolewa ndevu na mwanamume anayejua wembe, maana mikono yake mwenyewe ilikuwa inatetemeka, na mashine ya umeme alikuwa ameitupa bustanini.

Nikaanza kwenda kila Alhamisi asubuhi, kabla ya kufungua saluni. Mzee alikuwa Mmarekani wa miaka tisini na minane. Alikuwa mwembamba, masikio makubwa, na macho ya buluu yaliyokuwa hayatulii mahali pamoja. Wakati wa vita vile vikubwa aliletwa Uingereza akiwa kijana, akawa mmoja wa watu waliokuwa wakiruka na ndege za mabomu kwenda Ujerumani. Vita vilipokwisha alirudi kwao, hakukaa, akaja tena kumwoa msichana wa Kiingereza aliyemwacha karibu na kambi. Mke alikuwa ameshafariki. Alibaki na binti mmoja, mama wa makamo aliyestaafu ualimu, aliyekuwa akija siku za Jumapili.

Siku ya kwanza nilimwachia vinywele kidogo chini ya taya, sehemu ambayo ngozi imelegea na mtu akiwa na haraka anaweza kumkata. Akapitisha kidole hapo, akasema, "Hapa bado."

Nikamwambia hapaonekani.

"Hatunyoi ili paonekane," akasema. "Kule juu tulivaa barakoa ya hewa kwa saa nane. Kinywele kimoja kikibaki, barakoa inakusugua mpaka damu, na damu inaganda. Rudia."

Nikarudia. Ndivyo nilivyojua kazi yake ilikuwa ipi. Alikuwa mpiga bunduki wa mkiani. Wenzake wote walikaa mbele au katikati, yeye akapiga magoti peke yake nyuma kabisa, kwenye kibanda cha vioo, akitazama walikotoka. Alisema hakuwahi kuona mahali wanapokwenda hata mara moja. Aliona tu ndege zilizokuwa nyuma yao, na namna zilivyopungua.

Haya aliyasema kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Nilimwogopa kidogo, nakiri. Nyumba ile ilikuwa na joto la kupita kiasi na pazia za mbele zilikuwa wazi daima, kwa sababu alitaka kuona anga. Ndege ikipita alinyamaza katikati ya neno, anahesabu kitu, halafu anaendelea.

Utani ulimwingia kwa kutusikia. Mimi na mtani wangu hatukuweza kukaa chumba kimoja bila kurushiana maneno, na Alhamisi moja mzee akauliza kwa nini tunagombana kila wiki na hakuna anayeondoka. Mtani akamweleza kwa Kiingereza chake cha haraka: kwamba yeye na mimi tumepewa ruhusa na mababu kutukanana, kwamba yeye akifa mimi nitaingia nyumbani kwake kudai vyombo, na mimi nikifa yeye atakuja kuchukua mashine zangu za kunyolea, na kwamba hiyo ndiyo heshima.

Mzee akawaza sana. Povu lilikuwa linamkauka shavuni.

"Na mimi je?" akauliza. "Mimi ni kabila gani hapo?"

"Babu, wewe ni mzungu," mtani akasema. "Mzungu hana utani, ana sense of humour tu."

Mimi nikaona nimfurahishe. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha ngozi, kiti kizito cha kuzunguka, chenye mgongo unaolala, kiti ambacho kinyozi yeyote angekitamani. Nikapiga kofi mkono wa kiti nikamwambia, "Sawa, wewe mtani wetu. Ukifa, kiti hiki ni changu. Nakipeleka Wembley, watu wakalie pale yalipokalia makalio yako ya Kimarekani."

Mtani akashika mdomo. Hata mimi nilihisi nimevuka. Lakini uso wa mzee ulibadilika kwa namna ambayo sijawahi kuona kwa mtu wa umri ule. Ulijaa damu, ukawa wa kijana. Akasema, "Utangoja sana, kinyozi." Akacheka mpaka nikaondoa wembe.

Siku hiyo akala mayai mawili na kipande cha mkate, na mtani akanipigia simu mchana kunisimulia kama vile ni habari ya harusi, kwa sababu kwa miezi alikuwa anambembeleza kwa kijiko.

Basi tukaifanya desturi. Kila Alhamisi nikishamaliza kumnyoa ninadai kiti, ananiambia nitangoja sana, kisha anakula. Nilikuwa nafikiri ninamchekesha. Nilijisifu hata saluni. Sikujua ninashika kitu cha nani.

Alhamisi moja nilichelewa, nikamnyoa mbio mbio, nikafunga mkoba wangu na kumuaga. Nilikuwa mlangoni aliponiita. Alikuwa ameegemea mbele, mikono yake miwili imeng'ang'ania kiti.

"Hujasema," akasema.

"Nimesahau nini, mzee?"

"Kiti. Hujasema."

Nikasema, kwa kucheka. Yeye hakucheka. Alijibu "Utangoja sana" kwa sauti ndogo, halafu akavuta pumzi ndefu na kuegemea nyuma, na niliona jasho juu ya mdomo niliotoka kuufuta. Ndipo akanieleza. Kambini kwao, asubuhi ya safari, waliamshwa gizani na mtu mwenye tochi. Walivaa, walinyoa, na kabla ya kupanda lori kila mmoja alimwambia mwenzake wa kitanda cha jirani, "Usiporudi, baiskeli yako ni yangu," au buti zako, au saa yako. Na huyo mwenzake alijibu tusi. Hakuna aliyewafundisha. Ilikuwa lazima isemwe na ilikuwa lazima ijibiwe, na waliosemewa walirudi.

"Wote?" nikauliza.

Akatazama dirishani. "Niliowasemea mimi," akasema.

Nikashuka ile barabara ya miti mizuri kuelekea stesheni. Mimi ni mtu wa dini yangu, siamini hirizi za Kinyamwezi, sembuse za Kimarekani. Lakini kuanzia siku ile sikuwahi tena kusahau kudai kiti, na nilipodai sikuwa natania kama zamani.

Kosa nililifanya kwa kupenda sifa. Niliona mzee ameanza kuuchukulia mchezo kwa uzito mno, nikaamua kuurudisha uwe kichekesho. Nikaenda na futi ya fundi cherehani. Nilipomaliza kumnyoa nikapiga goti nikaanza kupima kiti huku amekikalia, mgongo, miguu, upana, nikimwita mtani aandike vipimo. Mtani naye hajui kuacha jambo nusu. Akajifunga kanga kichwani, akajitupa kwenye zulia, akaanza kulia kilio cha msibani, "Babu yangu wee, umetuacha na kiti, kinyozi mwizi anakibeba!" Mzee alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, anasema mtangoja sana, mtangoja sana nyote wawili.

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni. Sijui kwa muda gani. Hakuwa na kawaida ya kuja siku za kazi.

Nijiweke mahali pake. Baba yake ana miaka tisini na minane. Kinyozi asiyemfahamu amepiga magoti anapima kiti chake kwa futi, na mwanamke anayelipwa kumtunza anaigiza mazishi yake sakafuni. Nilijaribu kueleza. Kwa Kiingereza, utani wetu ukiueleza kwa haraka unasikika ni maneno ya wezi. Mzee akasema, "Waache, wananifanyia vizuri," na binti akamtazama kwa huruma ile wanayotazamwa wazee wanapotetea watu wanaowadhulumu. Akaniomba niondoke, kwa adabu kabisa.

Kesho yake mtani alinipigia. Hakunitukana, nikajua ni habari mbaya.

"Kaka, agency walioniajiri wamenipigia," akasema. "Wanasema ni safeguarding, eti mzee hayuko salama mikononi mwetu. Nimepewa warning. Nikirudia wananitoa, na wakinitoa na sponsorship imekwenda, na unajua visa yangu imekaa juu ya hiyo sponsorship."

"Ni kosa langu. Nitawaeleza."

"Usieleze! Wewe ukieleza ndiyo wataniondoa leo. Yule mama amesema utaendelea kuja kwa sababu baba yake hataki mwingine, lakini wiki mbili hizi pumzika, halafu uje umwombe radhi mbele yake. Na hilo neno la kiti lisisikike tena. Nakuomba. Nina watoto watatu Mbagala wanakula kwa hii kazi."

Aliniita kaka. Mzaramo kuniita kaka! Nikamwahidi.

Wiki mbili hizo alinipigia kila siku, na kila siku sauti yake ilikuwa imepungua kidogo. Alhamisi ya kwanza mzee alijiamsha kabla ya mapambazuko na kutaka nguo zake nzito. Akakaa kwenye kiti akinisubiri mpaka saa saba mchana. Alipoambiwa siji, akarudisha sahani bila kugusa. Ijumaa akanywa chai tu. Alhamisi ya pili alikuwa macho tangu saa tisa usiku, amekaa anasikiliza, na mtani alipouliza anasikiliza nini akasema, "Lori." Binti akaleta daktari. Daktari akasema moyo umechoka, umri umekwenda, ajitahidi kula. Binti akahamia pale, akawa anamlisha mwenyewe, kwa upendo mwingi, na mzee anafunga mdomo kwa upole.

"Anakungoja wewe useme," mtani akaniambia. Halafu akakumbuka alichoniahidisha, akaanza kulia. Mimi nilikuwa nimeshika simu kwa bega huku ninanyoa kichwa cha mtu, na nikamwambia mteja anisamehe, nikatoka nje.

Alhamisi ya tatu nikaenda. Ndani ya treni nilijipangia maneno mawili tofauti, la kumwomba radhi binti na lile la mzee, nikawaza ni namna gani naweza kulisema la pili bila kusikika. Nilifikiri nitamnong'oneza wakati wa kumfuta povu. Nilijiona mjanja.

Nilipomwona nilisahau ujanja wote. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Ndevu za wiki tatu, nyeupe, zimemkaa kama majivu. Amevaa sweta mbili na koti, ndani ya joto lile. Binti alivuta kiti kidogo akakaa hatua mbili kutoka kwetu, mikono mapajani, na mtani akasimama mlango wa jikoni na kitambaa cha vyombo.

Niliomba radhi. Niliinamisha kichwa, nikasema kwa Kiingereza changu bora kabisa kwamba mzaha wangu ulikosa heshima, kwamba sitaki kitu chake chochote, wala kiti wala kingine, na kwamba sitasema tena. Binti aliitikia kwa kichwa kwa shukrani, na nadhani alitaka kulia. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ananitazama namna mtu anavyomtazama dereva anayepita kituo chake.

Nikaanza kumnyoa. Simu ya nyumba ikalia ukumbini na binti akainuka kwenda kuipokea. Mzee akanishika kifundo cha mkono, wembe ukiwa hewani. Mkono wake ulikuwa na nguvu ambayo sikuitarajia.

"Nikuambie kuhusu asubuhi niliyonyamaza," akasema.

Akaniambia upesi, bila kupamba. Alipata mafua. Mtu mwenye mafua hapandi, masikio yanapasuka kule juu. Akalazwa kwenye chumba cha wagonjwa kambini. Alfajiri, mwenzake wa kitanda cha jirani, kijana wa mji mmoja naye, akaja kabla ya lori kuondoka, akasimama mlangoni na buti zake nzito, amekuja kusemewa. Mzee alikuwa macho. Lakini aliona aibu, kulala kwenye blanketi lenye joto wakati mwenzake anakwenda na mtu mwingine amepiga magoti mahali pake mkiani. Akafumba macho, akajifanya amelala. Akamsikia mwenzake anangoja. Akamsikia anaita jina lake mara moja, taratibu. Akamsikia anaondoka.

"Ndege nzima," akasema. "Jioni wakaniletea baiskeli yake. Kwa sababu siku nyingine zote nilikuwa nimeidai."

Hatua za binti zilikuwa zinarudi ukumbini.

"Sasa sema," mzee akasema.

Binti aliingia, akakaa. Mzee hakuuachia mkono wangu wala hakupunguza sauti. Hakuwa na habari na binti, wala na agency, wala na mtu mwingine duniani.

"Sema, kinyozi."

Nilimtazama mtani wangu. Alikuwa amekiweka kitambaa cha vyombo mdomoni, macho yamemtoka, anatikisa kichwa kidogo sana, hapana, hapana, hapana. Nikawaona watoto watatu wa Mbagala nisiowajua. Nikamtazama mzee. Nilikuwa na maneno yote kinywani. Ni maneno machache. Mtoto anaweza kuyasema.

"Baba, mwache afanye kazi yake," binti akasema kwa upole.

Nikainamisha kichwa nikaendelea kunyoa. Nilimnyoa vizuri kuliko siku zote, chini ya taya, chini ya pua, kila kinywele, na nilijua ninamnyoa kwa ajili ya nini, kwa sababu alikuwa ameshaniambia siku ya kwanza. Alikuwa ameniachia mkono. Macho yake yalikuwa yametulia dirishani na hayakuhangaika tena, na hilo ndilo lililonitisha kuliko mengine yote. Nilipomaliza akapitisha kidole chini ya taya, akasema, "Hapa sawa." Hakusema neno jingine kwangu.

Alifariki Jumapili, kabla ya saa sita mchana, kwenye kiti. Mtani alinipigia, akasema tu, "Babu amekwenda."

Sasa mtu ataniambia mzee wa miaka tisini na minane hufa, na moyo uliochoka hauhitaji ruhusa ya kinyozi. Najua. Nimejiambia hivyo mara nyingi, nikiwa barabarani na nikiwa kitandani. Halafu ninakumbuka alikula mayai mawili. Nina hasira, na sijui nimpe nani hasira hiyo. Binti alikuwa anamlinda baba yake. Mtani alikuwa analinda wanawe. Mimi nilimlinda mtani. Kila mtu pale ndani alikuwa anamlinda mtu, na mzee akabaki peke yake mkiani.

Mazishi yalikuwa ya kuchoma mwili, ya dakika ishirini, watu kumi na wanne. Palikuwa na utulivu wa hospitali. Hakuna aliyelia kwa sauti, hakuna aliyecheka, hakuna aliyedai shati. Mimi na mtani tulikaa safu ya mwisho na mikono yetu mapajani, tumevaa nyeusi, tumenyooka. Watani wawili wa marehemu, tumekaa kimya kwenye msiba wake. Niliona haya nikatamani bibi yangu asinione kutoka alipo. Mtani wangu alikuwa ameshahamishiwa kwa mama mmoja Southall, visa yake salama, na hakuniangalia.

Baada ya hapo kulikuwa na chai na keki kwenye chumba cha pembeni. Binti akanifuata nilipokuwa natafuta koti langu. Alionekana amezeeka kwa wiki moja. Alinishukuru kwa kumfanya baba yake awe nadhifu siku zake za mwisho, akanishukuru na kwa heshima niliyoionyesha, na neno lile heshima likanichoma.

"Kuna kitu nimekuwa nikitaka kukuuliza," akasema. "Ile Alhamisi alikuomba useme jambo. Lilikuwa jambo gani?"

Ningeweza kumweleza. Alikuwa ametulia, alikuwa tayari kusikia, na visa ya mtu haikuwa tena hatarini. Nilifungua mdomo.

"Nauliza," akaendelea, "kwa sababu na mimi aliniuliza jambo la ajabu. Jumamosi jioni. Alikuwa hajasema kitu tangu mchana. Akaniuliza, ni kitu gani changu unachokitaka nikiwa sipo? Akasema, taja kimoja tu. Taja chochote. Alinisihi kabisa."

Akashika kikombe chake kwa mikono yote miwili.

"Nikamwambia, Baba, sitaki kitu chako chochote. Nakutaka wewe tu. Akanipapasa mkono, akafumba macho." Akanitazama usoni, akitafuta. "Nilijibu vizuri, sivyo?"

Nyuma yake watu walikuwa wanavaa makoti yao. Nikamwambia, "Ndiyo, mama. Ulijibu vizuri."